Jiko la udongo la tatu limepasuka ndani ya mwaka mmoja: tatizo ni fundi, udongo au mimi?

#1 MamaChapati_Tabata
Wakuu habari za jioni. Nina swali la jikoni, wanaume msikimbie, nyinyi ndio mnaokula.

Nauza chapati, maharage na chai asubuhi hapa Tabata. Natumia jiko la mkaa lile la bati nje, chungu cha udongo ndani. Hili ni la tatu kunifia mwaka huu na yote yamekufa kifo kimoja. Ufa unaanzia kwenye mdomo, unashuka kidogo kidogo hadi kwenye matundu ya chini, halafu matundu mawili matatu yanaungana yanakuwa shimo. Mkaa unadondoka kwenye majivu kabla haujaisha kuwaka. Juzi kipande cha ukubwa wa kiganja kimeng'oka pamoja na figa lake, sufuria ya maharage ikainama mbele ya wateja. Nimeishikilia kwa kanga, mkono mpaka leo una lengelenge.

Nataka kujua: ule ufa unazibika au ndio basi? Na kwa nini yangu tu? Jirani ana jiko la mwaka wa nne, limechoka, limekuwa jeusi, lakini halijapasuka.

#2 PichaKwanza
Picha.

#3 Kibuyu
Unazima mkaa kwa maji. Uzi ufungwe.

#4 MamaChapati_Tabata
@Kibuyu sijawahi. Mkaa wangu nauzima kwa kufunika na sufuria bovu, unabaki wa kesho. Mkaa bei gani siku hizi nimwagie maji?

#5 ShemejiWaKyela
Jiko jipya halipigwi moto mkali siku ya kwanza, hilo ndilo kosa la watu wa mjini. Mtu ananunua saa kumi jioni, saa kumi na moja kajaza mkaa hadi mdomoni na kupepea kama anafukuza nzi. Ule udongo una unyevu ndani. Kwetu jiko jipya lilikaa juani siku mbili, tatu, kisha linawekewa moto wa pumba au vijiti, kidogo tu, likapoa lenyewe. Baada ya hapo ndiyo unapika.

#6 FundiBati_Gerezani
Naomba nijibu kwa niaba ya watuhumiwa maana naona lawama inakuja.

Mimi natengeneza bati, udongo sifinyangi mimi. Vyungu vinakuja na lori vimepangwa kwenye majani makavu, nanunua mia kwa mpigo. Kabla sijalipa nagonga kimoja kimoja kwa pete. Kizuri kinalia "ngiii". Chenye ufa kinalia "ko", kama unagonga mlango wa mbao. Katika mia, vya "ko" havikosekani. Mimi navirudisha. Mwenzangu jirani anavipokea kwa bei ya chini, anaziba kwa sementi, anapaka rangi nyekundu, mteja haoni kitu. Mama, lile jiko lako ulipolinunua uligonga?

#7 MamaChapati_Tabata
Sikugonga. Nilichagua lenye rangi nzuri 🙈

#8 Kibuyu
😂😂😂 Lenye rangi nzuri. Ndivyo ulivyompata na baba watoto?

#9 MamaChapati_Tabata
Huyo naye amepasuka, ila tuzungumze jiko.

#10 MwalimuWaUdongo
Nilifundisha ufinyanzi chuo kimoja miaka kumi na moja kabla sijahamia kilimo, kwa hiyo nichangie.

Maelezo ya #5 yana ukweli lakini hayatoshi. Maji yakigeuka mvuke yanataka nafasi kama mara 1,600 ya ile ya mwanzo. Yakiwa yamejificha ndani ya udongo na moto ukaja ghafla, lazima yatafute njia. Hilo linaeleza jiko linalopasuka wiki ya kwanza. Haliwezi kueleza la mwezi wa pili au wa tatu, maana unyevu wa kiwandani ulishakauka zamani.

La mwezi wa pili ni uchovu. Uso wa ndani unagusana na kaa jekundu, uso wa nje umeegemea bati. Ndani kunatanuka, nje hakutaki. Kila siku asubuhi kuvutana, kila siku mchana kuvutana tena wakati wa kupoa. Halafu kuna chembe za mchanga wa kwatzi ndani ya udongo: zikifika nyuzi 573 za Selsiasi zinabadilika umbo na kutanuka kwa mkupuo, zikishuka chini ya hapo zinanywea. Udongo wenye mchanga mwingi wa aina hiyo hauna maisha marefu karibu na matundu.

Dawa yake mfinyanzi anaijua: unachanganya chenga za vigae vilivyokwisha kuchomwa, au pumba ambazo zitaungua na kuacha vijitundu. Ufa ukikutana na kijitundu unaishia hapo.

#11 ShemejiWaKyela
Mwalimu umeongea vizuri ila nina ugomvi na wewe. Vyungu vya Wakisi vile vinavyouzwa pale Matema vinachomwa hadharani, nyasi na kuni tu, hakuna tanuri wala kipimo cha nyuzi. Bibi yangu kapikia chungu kimoja tangu mimi nasoma la pili mpaka nimeoa. Kwatzi gani hiyo isiyokwenda Nyasa?

#12 MwalimuWaUdongo
Chungu kina maharage na maji ndani, hakiwezi kuwa moto kama ukuta unaobeba kaa. Na ni chembamba, cha duara, hakina kona wala tundu. Jiko lina matundu kumi na tisa na mafiga matatu. Kila tundu ni mahali pa ufa kuanzia.

#13 Wa_Shauri_Moyo
Sasa nyinyi wa Bongo mnaongea kana kwamba hii jiko ni yenu 😄 Hii ni ya kwetu Kenya, tuliitoa Japani miaka ya themanini, watu wa jua kali, mafundi wetu wa mitaani, wakaifanyia kazi.

#14 BintiMakadara
@Wa_Shauri_Moyo si Japani, ni Thailandi. Ile ya Thailandi ilikuwa kama ndoo, imenyooka, na udongo wake ulijaa kutoka juu mpaka chini. Pale Nairobi baada ya mkutano wa Umoja wa Mataifa wa nishati mwaka 1981 ndio watu wakaanza kuihangaikia, wakaitoa kiuno, ikawa na umbo la saa ya mchanga, na laina, yaani kile chungu cha ndani, ikabaki nusu ya juu tu. Chini ni bati peke yake na mlango wa majivu. Ndio maana inasimama na haiangushwi na mwiko wa ugali.

Japani ni ile nyingine, yenye umbo la yai.

#15 Wa_Shauri_Moyo
Sawa mwalimu wa historia, nimekubali. Lakini jua kali ni sisi.

#16 PichaKwanza
Post kumi na sita, picha hakuna.

#17 NipoMuscat
BintiMakadara umegusa kazi yangu. Niko Muscat, nahudumia nyumba moja yenye bustani kubwa, na tajiri ana lile jiko la mayai, kamado. Zito, tunalihamisha watu wanne. Kauri nje mpaka ndani, na ndani yake kuna kikombe kingine kinachobeba mkaa. Basi mwezi wa nne kile kikombe kikapasuka, ufa wima, unapitisha kidole kidogo. Nikaona kazi imeisha, narudishwa Tanga. Tajiri akaja, akaangalia, akacheka, akaniambia endelea kuchoma. Hiyo ni miaka miwili iliyopita. Ufa upo palepale, mishikaki inatoka safi.

Baadaye nikajisomea. Big Green Egg wanayauza Marekani tangu 1974, na watu wenye majiko ya namna hii ufa wa kikombe cha ndani wala hauwanyimi usingizi. Wengine, Kamado Joe, wakaona isiwe tabu, kikombe cha ndani wakakitengeneza vipande sita vilivyopangwa duara. Yaani wamekipasua wenyewe kabla hakijapasuka.

#18 FundiBati_Gerezani
Rudia hapo mwisho. Vipande sita? Vinashikwa na nini?

#19 NipoMuscat
Vimepangwa tu, vinasimama ndani ya ukuta wa kauri la nje, kila kimoja kinaegemea mwenzake. Kikitanuka kina pa kwenda.

#20 FundiBati_Gerezani
Nimekaa hapa dukani nakifikiria chungu changu. Sisi tunafanya kinyume. Tunakibana. Kati ya bati na udongo tunajaza sementi iliyochanganywa na vamikuliti, yale madini mepesi yanayovimba yakichomwa. Iliyotakiwa ni hiyo. Siku hizi vamikuliti ghali, watu wanachanganya sementi na mchanga au majivu. Inakauka ngumu kama msingi wa nyumba. Udongo ukitaka kutanuka unakuta ukuta. Labda ndiyo sababu.

#21 Wa_Shauri_Moyo
Hapo fundi mwenzangu nakupinga. Ukiacha nafasi, laina inacheza. Mama akipiga ugali, jiko inatikisika, laina inagonga bati, siku tatu imevunjika. Mimi nimeuza jiko zaidi ya miaka ishirini. Zinazorudi nyingi ni zile laina ililegea, si zile zilibanwa.

#22 MwalimuWaUdongo
Wote wawili mnaweza kuwa sahihi. Vamikuliti kazi yake ilikuwa hiyo hasa: inashika lakini ni laini, inabonyea kidogo. Mchanga haubonyei. Bila kitu chochote, chungu kinacheza.

#23 Kibuyu
Mwalimu wewe ni mwanasiasa. Kila mtu sahihi.

#24 Lushois
Jambo bandugu. Huku Lubumbashi tunaita mbabula, na ni ya chuma tupu, udongo hamuna. Haipasuke hata siku moja 😁 Lakini makala inakula kama mtoto wa ngombe. Munasema mkaa, wengine makaa, sisi makala. Jiko ni moja.

#25 BintiMakadara
Hapa pwani wazee walisema seredani. Bibi yangu mpaka anakufa hakutamka "jiko" kwa kitu cha mkaa, jiko ni chumba cha kupikia.

Na kwa habari ya bibi, nina hoja. Chetezo cha udi ni udongo mtupu, kinawekwa kaa jekundu kila Alhamisi jioni, na alichokuwa nacho kilimzidi umri mama yangu. Hakikupasuka. Nilimtazama sana: kwanza anaweka majivu ya baridi, vidole vitatu hivi, ndipo kaa linakaa juu ya majivu, halafu ubani. Kaa haligusi udongo. Labda sisi tunapasua majiko kwa usafi. Tunayapangusa majivu yote kila asubuhi mpaka yang'ae.

#26 ShemejiWaKyela
Hii nzuri lakini jiko lina matundu dada. Ukilijaza majivu litapumulia wapi?

#27 BintiMakadara
Sikusema ulijaze kaka. Nimesema ukuta. Yale majivu yanayoganda kwenye ukuta uyaache, usikwangue kwa kisu.

#28 MamaChapati_Tabata
Jamani. Mimi nakwangua kwa kisu. Kila siku. Nikiona weusi nakosa raha.

Halafu kuna jambo jingine naona aibu kulisema. Post #4 niliapa kwamba hakuna maji. Leo saa tano nimerudi ghafla kutoka gengeni, nikamkuta dada anayenisaidia anazima mkaa kwa maji aliyooshea bakuli la ngano. Moshi mweupe hadi kwa jirani, na jiko likalia "tsss-ka". Ananiambia, "Mama si ulisema tuokoe mkaa?" Kumbe anafanya hivyo kila nikitoka.

#29 Kibuyu
Post #3. Naomba heshima yangu.

#30 MamaChapati_Tabata
Subiri usishangilie. Nina jiko dogo la pili, la chai, liko ndani, dada haligusi, nalizima mwenyewe kwa kufunika. Na lenyewe limepasuka mwezi uliopita. Ufa uleule, mdomo hadi matundu. Kwa hiyo?

#31 Kibuyu
Ninaondoka kimya kimya.

#32 JichoLaJirani
Dada, jirani mwenye jiko la miaka minne... hebu lifikirie hilo. Biashara yako inakwenda, yake?

#33 MamaChapati_Tabata
Jirani ni mjane wa miaka sabini na mbili na ananinunulia chapati mbili kila siku. Mwacheni.

#34 FundiBati_Gerezani
Lile la chai unalilaza wapi usiku? Na la chapati?

#35 MamaChapati_Tabata
La chapati linalala nje chini ya upenu. La chai linalala ndani, ila sakafuni, na kipindi cha masika sakafu yangu inatoa jasho.

#36 FundiBati_Gerezani
Ndiyo hiyo. Udongo uliochomwa ni sifongo, unakunywa unyevu usiku kucha. Alfajiri saa kumi unaupiga moto wa haraka kwa sababu wateja wa daladala wanataka chai. Yale ya #5 yanakutokea kila siku, si siku ya kwanza tu. Jirani bibi anapika saa ngapi?

#37 MamaChapati_Tabata
Saa nne, saa tano. Jua likiwa juu. Mkaa kidogo, dagaa zake.

#38 MwalimuWaUdongo
Na sufuria lake ni dogo. Wewe debe la maharage unalitua kwa kishindo. Ufa wa mdomoni mara nyingi unaanzia kwenye mzizi wa figa. Tazama, ufa wako uko mbali kiasi gani na figa?

#39 MamaChapati_Tabata
Nimetazama kwa tochi ya simu. Moja uko kwenye figa kabisa. Mwingine uko katikati, mbali na figa zote. Mmenichanganya.

#40 Baba_Hardware
Tuache nani kaua, tuzungumze mazishi. Namna ya kuziba, nilivyoona mimi kwa wateja wangu.

Sementi ya kawaida peke yake ni kazi bure. Ikipita nyuzi 400 na kitu, chokaa iliyomo inaachia maji yake, ikipoa inanyonya unyevu wa hewa, inavimba, inamomonyoka. Wiki mbili unaikuta kwenye ugali. Gundi za chupa msithubutu, zinaungua na moshi wake ni sumu. Kuna sementi maalumu ya moto ya majiko ya mikate, hiyo inashika, lakini kopo lake linaweza kukaribia bei ya jiko zima.

Ya bei ya maskini: udongo wa kichuguu, majivu yaliyochekechwa, na kile kipande chenyewe kilichong'oka ukisage. Loweka ufa kwanza kwa maji, kama mkavu utanyonya maji ya udongo wako na kubanduka. Paka, acha kivulini siku tatu. Halafu moto mdogo.

#41 ShemejiWaKyela
Na kinyesi cha ng'ombe. Umesahau kinyesi.

#42 Baba_Hardware
Sikusahau, nilijua utaleta.

#43 Lushois
Mimi nasema mufunge na waya. Ufa iache, ile waya ya kufungia nondo muzungushe mara mbili, mukaze na koleo.

#44 Wa_Shauri_Moyo
Lushois ako sawa, hiyo nimeona ikifanya mwaka mzima. Laina imepasuka vipande vitatu, waya imeshika, mama anapika. Kwani lengo ni nini, jiko ya maonyesho? Na ukichoka, usitupe bati. Leta bati, ununue laina peke yake, tunakuwekea hapo hapo ukingoja.

#45 MwananchiMtiifu
Mnashindana kuziba udongo wakati serikali imeshasema ifikapo 2034 asilimia 80 ya kaya za Tanzania ziwe zinatumia nishati safi. Dada nunua gesi uondokane na haya.

#46 MamaChapati_Tabata
Mtungi ninao ndugu yangu, uko chini ya meza, mtupu tangu wiki iliyopita. Maharage masaa matatu kwa gesi nipige hesabu ya chapati ngapi?

#47 NipoMuscat
Maharage yaloweke usiku, utapunguza saa nzima.

#48 MamaChapati_Tabata
Nayaloweka kaka. Ni maharage ya mwaka jana.

#49 FundiBati_Gerezani
Wakuu nimerudi na majibu. Lile la vipande halijanitoka kichwani. Juzi nimechukua vyungu viwili vya "ngiii", nikavikata kwa msumeno wa chuma, mkato mmoja mwembamba kila kimoja, kutoka mdomoni hadi karibu na matundu, katikati ya mafiga mawili. Nusu siku imeniishia, visu vitatu vya msumeno vimekufa. Kimoja nimekipachika kwa sementi na mchanga, kingine na vamikuliti. Cha kwanza kimepasuka upande wa pili siku ya nne. Cha pili bado kizima, lakini mke wangu anasema kinavuja moto upande wa mkato na kuunguza mpini wa sufuria.

#50 Wa_Shauri_Moyo
Kimoja kimoja si kipimo fundi. Kata kumi.

#51 FundiBati_Gerezani
Nilipie visu vya msumeno nikate ishirini.

#52 MwalimuWaUdongo
Mkato unafanywa udongo ukiwa mbichi, kabla ya kuchomwa, kwa uzi. Dakika moja. Zungumza na mfinyanzi wako.

#53 FundiBati_Gerezani
Nimempigia. Kasema yeye hauzi vyungu vilivyopasuka.

#54 Kibuyu
😂😂😂 Mfinyanzi ana msimamo.

#55 MamaChapati_Tabata
Mrejesho, na asanteni wote.

La zamani nimelifunga waya wa Lushois na kuziba udongo wa kichuguu, udongo umebanduka siku ya pili, waya umebaki na unashika. Hilo nimelifanya la maharage. Jipya nimenunua chungu peke yake, safari hii nikagonga vyote dukani mpaka muuzaji akaniuliza kama napiga ngoma. Nimechukua kilicholia vizuri. Kimekaa juani siku mbili. Nimekichoma kwa vijiti siku tatu kama nalea mtoto. Kinalala ndani juu ya tofali. Dada nimempa sufuria lake la kufunikia. Kisu nimekificha.

Leo asubuhi ndiyo ilikuwa siku ya kwanza ya chapati. Saa kumi na moja kasoro, nimemaliza ya ishirini hivi, nikasikia "ka". Kidogo tu. Inaweza kuwa mkaa. Sijaangalia.

#56 MwalimuWaUdongo
Mkaa nao hulia hivyo, hasa wenye unyevu.

#57 BintiMakadara
Usiangalie dada. Pika tu.

#58 Wa_Shauri_Moyo
Angalia kwa mdomo, karibu na figa ya kushoto. Huanzia hapo.

#59 PichaKwanza
Angalia, halafu picha.